Ubeti wa Mke wa Jumamosi

Kitale, Jumapili alasiri

Nafula mwanangu,

Salamu nimeziruka, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na umeniona kwa macho yako kwamba mimi ni mzima. Ningeweza kukungoja nikuambie kwa mdomo, lakini umeshuka Kanduyi kumuaga kukhu wako, mama yake baba yako, na wewe unanijua: nikikaa na mtu uso kwa uso, maneno ya maana hunikwama, nabaki kuuliza kama umekula. Kwa hivyo nimefunga kibanda mapema na nimeketi hapa mezani na karatasi. Utaikuta barua hii juu ya sanduku lako ukirudi. Isome leo leo, kwa sababu ina jibu ulilolitaka. Au tuseme natumaini tukifika mwisho itakuwa nalo, maana hapa ninapoanzia sina.

Mambo ya chuo sitayagusa. Mahali pa kuanika nguo, watu wa kutowaazima ndoo, chakula cha kukwepa kwenye lile joto la ziwa, yote nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Kesho unakwenda Kisumu kusomea ualimu, na mimi nafurahi, usifikirie sifurahi. Lakini najua pia kwamba wiki hii hii wewe na Wekesa wa Malakisi na yule kijana wenu wa kupiga debe mtaingia kwenye studio ya yule bwana wa kaseti mrekodi nyimbo zenu. Wimbo ukishaingia kwenye kaseti hauna mwenyewe tena. Utapigwa kwenye vibanda vya Kanduyi, utapigwa Saboti kwetu, labda na redio itauchukua. Ndiyo maana Alhamisi ulisimama mlangoni ukaniambia, "Mama, ukisema niutoe ule ubeti, nautoa. Lakini uniambie kabla sijaenda." Nami nikakuambia nenda ukachote maji.

Nimeuandika hapa kwa mkono wangu, nione kama kwenye karatasi utauma vilevile.

Baba alikuwa na nyumba mbili,
Malakisi siku za kazi,
Saboti siku ya samaki.
Mama yangu, mama yangu,
mke wa Jumamosi!

Unauma vilevile.

Acha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu nataka kuelewa mambo haya yalianzia wapi. Yalianza na ile CD aliyokuachia mwalimu wa kujitolea shuleni. Ulikuja nayo kwa jirani mwenye redio ya CD, ukaniita nisikilize. Nikasikia vijana wa kizungu wanapiga kelele kama watu wanaokimbiza mwizi, na mmoja sauti imemkauka kabisa lakini hanyamazi. Nikakuuliza, "Na hawa wanalilia nini? Si wana kila kitu?" Ukasema, "Mama, wanalia tu kama sisi. Halafu sikiliza hapo nyuma. Si hiyo ni kodiani?" Kweli ilikuwa kodiani. Ukaniambia muziki huo unaitwa folk panki. Folk ni ya kienyeji, ya wazee. Panki ni ya vijana waliokasirika. Nikakuuliza wazee na vijana waliokasirika wanapatana wapi, nawe ukanijibu, "Kwa kelele, mama."

Nilicheka, nikadhani ni jambo la kupita. Lakini ukaenda Saboti kwa guka wako, baba yangu, ukaichukua ile kodiani yake aliyokuwa akichezeshea watu ngoma ya mwomboko zamani, ile ambayo kitufe kimoja kimekwama na inahema hata usipoigusa. Wekesa akaja na litungu la babu yake, lile la nyuzi. Mkawa mnafanya mazoezi nyuma ya jikoni. Nilikuwa nachagua maharagwe huku nikijiuliza ni nani atakayelipa nauli kuja kusikia kitu kama hicho. Litungu nalijua, ni la watu wa baba yako. Mzee hulipiga ameketi, polepole, anataja watu kwa majina yao na sifa zao na aibu zao. Kodiani naijua, ni ya kwetu Wakikuyu, watu hucheza wameshikana kwa adabu. Nyinyi mlivichukua vyote viwili mkavikimbiza mbio, debe likiwafuata. Nikasema moyoni, watoto hawa wamechanganya pilipili na uji.

Sikujua mnaandika maneno gani. Wewe ulikuwa unayanong'ona, nami sikuuliza. Kutouliza ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Baba yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili. Unakumbuka msiba ule Kanduyi. Nadhani hukujua yote niliyokuwa nayo kichwani, ingawa sasa naona ulijua zaidi kuliko nilivyofikiri. Baba yako alikuwa karani wa tumbaku Malakisi na alikuja kwetu Saboti, kabla hatujahamia hapa Kitale, kila Jumamosi na samaki kwenye gazeti. Miaka yote hiyo nilijiambia kazi ni nyingi. Kisha siku ya mazishi akaja yule mama kutoka Malakisi na watoto wawili wenye paji la uso la baba yako, akaketi upande wa pili wa jeneza kama mtu anayepajua mahali pake. Shangazi yako mmoja akaniinamia sikioni: "Si unaona, wewe ulikuwa wa Jumamosi. Yule ni wa siku zile zingine." Wewe ulikuwa umenishika mkono. Nikaomba Mungu uwe hujasikia.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mwanamke wa ukoo wa baba yako asingelifanya hata akiwa mgonjwa. Wamama wa boma walinijia wakanishika mikono. "Mama Nafula, simama. Zunguka boma. Mwambie." Kwao mjane husimama akalizunguka boma akilia kwa wimbo, na katika kilio hicho humwambia marehemu yote aliyomtendea, mabaya na mazuri, hata matusi, na hakuna mtu wa kumkasirikia. Siku hiyo moja mdomo wake hauna lango. Kaburi likifunikwa, na maneno yamefunikwa.

Mimi sikulijua hilo. Nilizaliwa Saboti, mlango kwa mlango na watu hawa, nimekula nao, nimeolewa kwao, na sikulijua. Nilidhani wanataka nijiaibishe wapate la kusimulia. Mama yangu mimi alitulea kwamba machozi ni ya chumbani, na mwanamke aliyeokoka humwachia Mungu. Kwa hivyo nikakaza leso mkononi nikasema, "Mimi nimemwachia Mungu." Wakanitazama, wakaniachia mikono. Tangu siku ile upande wa Kanduyi wakasema mke wa Wasike ana moyo wa jiwe, hata chozi hakutoa. Na wengine, waliozidi, wakasema mtu hakosi chozi hivihivi, labda anajua kilichomuua.

Kukhu wako ndiye aliyezunguka boma. Mama mzee vile, na fimbo yake. Akamwita baba yako mwongo, akamwambia, "Umeenda hata jiko langu hujariezeka! Umeniachia wake wawili hawajuani, mimi niwaite nani na nani?" Alilia mpaka sauti ikaisha. Kisha akaomba chai, akanywa vikombe viwili, akalala fofofo kama mtoto. Mimi nilikaa macho. Nimekaa macho miaka hii yote, ukitaka ukweli. Zile tembe za presha ulizozoea kunikumbusha zilianza mwaka ule. Kanisani nafungua mdomo wakati wa nyimbo lakini sauti haitoki, na mchungaji hajagundua kwa sababu kwaya ni kubwa.

Basi ikafika siku ya tamasha la vijana pale uwanjani Kanduyi. Nilikuja kwa sababu ni wewe, na kukhu akaja kwa sababu ni wewe. Nilikuwa na soda mkononi. Mkaanza kwa fujo zenu za kawaida, watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka wakaanza kuruka. Halafu ukafumba macho ukaimba ubeti ule.

Sijui nikuelezeje. Mara ya kwanza uliposema "mke wa Jumamosi" nilidhani ni hadithi ya mtu mwingine, nikamhurumia. Mara ya pili nikajua ni mimi. Mara ya tatu uwanja mzima ukaitikia, vijana ambao hata hawanijui, wanarusha mikono juu: mke wa Jumamosi! Mke wa Jumamosi! Soda ilinimwagikia sketini. Nikamtazama kukhu, maana ni mwanawe aliyekuwa akivuliwa nguo pale mbele za watu. Akainuka. Nikajua leo ni leo, ataipasua ile kodiani kwa fimbo. Akaenda mpaka mbele na akaanza kucheza, Nafula. Mabega yote mawili, ngoma yao ya kamabeka ya kizamani, macho yanatoka machozi na mdomo umefungwa. Wimbo ulipoisha akageuka akaenda zake bila kumsalimu mtu.

Wiki nzima hakutuma hata salamu. Kisha akatuma kuku jike mmoja, mwekundu, bila ujumbe. Nilimuuliza aliyemleta, "Kukhu amesema nini?" Akanijibu, "Amesema tu nimrete kuku." Sasa huyo ni kuku wa shukrani au wa kunifunga mdomo? Wewe uliniambia nimchinje tule. Nimeogopa kumla mpaka nijue ni wa nini, na sasa ameanza kutaga.

Na huku sokoni! Jumatatu tu niliporudi, wale wauza nyanya walikuwa wameshapata habari. "Mama Jumamosi, sasa!" Kijana wa mkokoteni naye: "Niaje, Mathe Satade!" Nilipandisha hasira mpaka nikampimia mteja gorogoro ya maharagwe nikaimwaga chini. Nilikuwa nimeamua kwamba ukija nitakupokonya hiyo kodiani niirudishe Saboti. Ndipo Mama Khadija wa dagaa akaja akaketi kwenye gunia langu bila kukaribishwa. Akasema, "Wewe una bahati, bana. Jumamosi kila wiki! Mimi ni wa mwisho wa mwezi." Nikamtazama. Hakuwa anacheka. Halafu yule mama wa sukuma wiki, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya bei, akasema kutoka upande wake, "Mimi ni wa Krismasi."

Hapo ndipo kicheko kilipotushika. Tulicheka, mwanangu, mpaka wateja wakasimama kutushangaa. Mama Khadija alikuwa ameshika mbavu. Kisha yule wa Krismasi akaacha kucheka na bega lake likawa bado linatikisika, tukajua sasa analia, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Aliniuliza huo wimbo unapatikana wapi. Nikasema ni wa binti yangu, haujatoka. Akasema, "Mwambie autoe haraka."

Kwa hivyo niliporudi nyumbani sikujua nikukasirikie au nikupikie. Nikakasirika, kwa sababu hasira ilikuwa karibu zaidi. Nilikuambia maneno makali. Nilisema unauza uchi wangu kwa watoto wa watu. Nilitaka ujibu kwa jeuri ili nipate sababu, lakini wewe uliweka kodiani chini ukasema polepole, "Mama, wewe hukulia. Nilikungoja ulie. Siku ile nilikuwa nimekushika mkono, nikangoja. Tukarudi nyumbani, nikangoja. Mimi ningelia vipi kabla yako?"

Maneno hayo yamenikaa kifuani na sijui niyaweke wapi. Nilidhani ninakulinda. Nilidhani mtoto akimwona mama hajatikisika, naye atasimama. Kumbe ulikuwa umesimama foleni nyuma yangu, na mimi niliziba njia. Nisamehe kwa hilo. Hilo angalau nina hakika nalo.

Mengine sina hakika. Upande mmoja nasema ubeti utolewe. Baba yako si huyo tu. Hukuweka mle kwamba alikuwa akikubeba begani mpaka sokoni Saboti ukimshika masikio. Hukuweka kwamba Jumamosi hizo hizo alikuwa akiamka kabla yangu kuwasha moto, akinitania kwa Kikikuyu chake kibovu mpaka nikashindwa kununa. Kama alikuwa mwongo wa siku sita, siku ya saba alikuwa mume kwelikweli, na mimi nilimpenda. Nampenda hata sasa, na hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Na kuna wale watoto wawili wa Malakisi, ndugu zako. Watausikia kwenye redio. Wao wana kosa gani?

Upande wa pili namwona yule mama wa Krismasi. Namwona kukhu na mabega yake. Na nakuona wewe. Tangu mlipoanza fujo zenu umerudi kula, umerudi kugombana na mimi kama binti wa kawaida. Kabla ya hapo ulikuwa ukikaa kwenye ngazi pale nje ukitazama barabara, hasa jioni za Jumamosi, nami nikijifanya sioni. Dawa gani hiyo ya kupiga kelele? Hospitali waliniambia nipunguze mawazo. Hawakuniambia niyapigie debe. Nimesoma Biblia yangu, nimekuta mle watu wanamlilia Mungu kwa maneno makali kushinda yenu, na sikumbuki mtu akiwaambia wanyamaze. Hata hilo halijanisaidia kuamua.

Basi nikuambie nilichofanya sasa hivi, kabla ya kuandika ukurasa huu. Niliona siwezi kuhukumu wimbo kwa kuusoma. Nikasimama hapa katikati ya nyumba, peke yangu, nikaujaribu. Nilianza kwa kunong'ona, kwa aibu, nikigonga meza kufuata debe. Nilipofika kwenye "mama yangu, mama yangu" ulimi ukakataa, kwa sababu mimi simwimbii mama yangu. Nikabadilisha. Nikasema "Wasike." Jina lake tu. Sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu tulipomzika. Huwa nasema marehemu, au baba Nafula.

Nafula, sauti ilitoka. Haikuwa nzuri, ilikuwa kama ya yule kijana wa kwenye CD. Nikamwambia Wasike, umenifanya mjinga. Nikamwambia, umenifanya nihesabu Jumamosi kama mtu wa jela, na bado nilikuwa napaka mafuta mapya kila ulipokuja. Nikamwambia, ungeniambia tu. Ningepiga kelele, ningerudi kwa baba yangu, ningerudi kwako tena, lakini ungeniambia. Nikamtukana tusi moja ambalo sitaliandika. Kisha nikamwambia samaki wako walikuwa watamu. Nilizunguka hii meza, mimi, mke wa watu niliyeokoka, sijui mara ngapi. Nilipochoka nilikaa chini sakafuni, na hapo ndipo machozi yalipokuja, yote kwa pamoja.

Sijui kama hiyo ndiyo folk panki. Sijui kama ndiyo mila, maana kaburi lilifunikwa zamani na wazee wangesema nimechelewa. Sasa hivi nimechoka kama niliyetoka shambani, na kwa mara ya kwanza nina njaa ya kweli.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Ubeti usiutoe. Lakini haujaisha. Ulioandika wewe ni wa binti, na una haki nao, kwa sababu ulingoja sana. Wa mke bado, na wa mke hauwezi kuandikwa na mtu mwingine. Wako ni mfupi mno na una hasira peke yake. Wangu una hasira na samaki. Nikiuweka baada ya wako, wale watoto wa Malakisi wakiusikia watasikia pia kwamba baba yao alipendwa.

Sitaweza kwenda studio na nyinyi, usicheke. Na nikikuandikia maneno hapa utayaimba kwa sauti yako nzuri, yataharibika. Nataka uyasikie yakitoka kwangu, ndipo ujue la kufanya nayo. Kesho, kabla hatujabeba sanduku, itoe kodiani kwenye mfuko wake. Majirani watakuwa wameamka, waache waamke. Fungua mlango wa mbele, na lile dirisha la upande wa barabara. Wewe piga tu, piga haraka kama mnavyopigaga. Mimi ndiye nitakayelia.

Mama yako,
Njeri, mke wa Wasike